Wapagazi Wasio na Majina

Marcelina Mahona alifika ukurasa wa thelathini na moja, akakifunga kitabu, akakirusha uani. Kilitumbukia kwenye beseni la wanga aliokoroga asubuhi kwa ajili ya kola za mashati. Alikitazama kikielea. Kisha akakumbuka kwamba si chake, ni cha kuazima, akaenda kukitoa kwa ncha za vidole viwili na kukianika ukutani, huku akikitukana kwa Kinyamwezi.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1956, nyumbani kwake Ng'ambo, mjini Tabora. Marcelina alikuwa mjane wa miaka arobaini na sita, fundi cherehani wa sare za shule na mashati ya wafanyakazi wa reli. Masista wa misheni walimfundisha mambo mawili utotoni, kushona na kusoma. Kushona kulimlisha. Kusoma kulimgombanisha na nusu ya mji.

Kila baada ya miezi mitatu sanduku la vitabu lilishuka kwa treni, likapelekwa kwenye ukumbi wa jamii ambao kila mtu aliuita Welfea. Mtunza vitabu, Silasi, alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimwogopa Marcelina. Wasomaji wengine walirudisha kitabu wakasema asante. Marcelina alikirudisha na hukumu yake.

"Hiki 'Kisu cha Karani'," alimwambia siku moja, "mwuaji ni mpishi. Nilijua tangu ukurasa wa kumi na mbili. Kwa nini kila wakiandika habari za upelelezi mwuaji ni mpishi? Mabwana wenyewe hawana mikono?"

"Barua za Zaituni" ilikuwa riwaya ya mapenzi iliyowaliza wasichana wote wa shule ya kati. Marcelina alisema huyo Zaituni analia kurasa tisini na hafui hata leso. "Hapiki, halimi, haendi kisimani. Anakula nini?" Lakini iliyomtia hasira ya kweli ilikuwa "Majuto ya Saimoni", habari za mlevi anayekufa mwishoni akitubu. Katekista aliisifu mbele ya watu baada ya misa. Sasa mume wa Marcelina alikunywa pombe miaka kumi na tisa, akaja kufa kwa kuumwa na nyoka siku ambayo hakuwa ameonja hata tone. "Mwandishi amemwua Saimoni kwa sababu alichoka kuandika," alimwambia katekista palepale mlangoni mwa kanisa, na tangu siku hiyo katekista akapeleka suruali zake kwa fundi mwingine. Kitabu pekee alichokisifu mwaka ule kilihusu mzimu unaokaa kwenye stesheni ya reli. Alisema mzimu ule una akili kuliko wapelelezi wote, tena hauhubiri.

Kile kilichoanikwa ukutani kiliitwa "Wapagazi Mia Mbili". Kilikuwa kipya, na gazeti moja la Dar es Salaam lilikuwa limekisifu kuwa ni riwaya ya ushujaa wa babu zetu. Kilisimulia habari za Seif, karani kijana wa pwani, anayeongoza msafara wa pembe za ndovu kutoka Ujiji, kupitia Tabora, hadi Bagamoyo. Seif ni hodari. Seif ana sura nzuri. Seif ana punda mweupe aitwaye Johari. Wapagazi ni Wanyamwezi mia mbili na hakuna hata mmoja mwenye jina. Wanacheka bila sababu, wanafikiri kwa matumbo, na kwenye ukurasa wa thelathini na moja wanatupa pembe porini ili wakimbilie mtungi wa pombe, mpaka Seif anawarudisha kwa kiboko.

"Punda ana jina," Marcelina alisema kwa sauti, peke yake pale uani. "Punda!"

"Nani ana jina?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Alikuwa baba yake, Mzee Mahona, aliyekuwa akikaribia miaka themanini. Macho yake yalikuwa yamekufa miaka sita iliyopita. Ujanani, kabla ya reli, alibeba pembe hadi Bagamoyo mara nne, na mara ya nne alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara na kuamua pa kupita na pa kulala. Watoto wake walikua na habari za safari zile kama watoto wengine walivyokua na uji. Waliijua hasa habari ya Ngollo, rafiki yake mtu wa kijiji cha Puge, aliyeugua njiani. Mahona alimzika Tura, kituo cha njiani mashariki ya Tabora, kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaubeba mzigo wa Ngollo juu ya wake.

"Ni kitabu tu, baba."

"Kinasema nini?"

Hakuwa na uongo tayari. "Habari za misafara ya pwani."

"Zetu?" akauliza. "Wameziandika? Nisomee."

Marcelina akakiondoa ukutani, kikiwa bado kibichi, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha kamba. Akafungua ukurasa wa kwanza. Palipoandikwa kwamba wapagazi walikuja wakisukumana kama mbuzi, yeye akasoma kwamba walikuja wamejipanga. Hakuwa amekusudia. Mdomo ulikataa tu. Akaendelea, na kila palipokuwa na tusi akaweka maneno mengine, na jioni ilipofika wapagazi mia mbili walikuwa wameondoka Ujiji kwa nyimbo, kirangozi akiwa mbele na Seif akifuata nyuma juu ya punda wake.

"Hapo sawa," alisema mzee. "Makarani walikuwa nyuma."

Basi ikawa kazi ya kila siku baada ya chakula cha mchana. Maneno yake mwenyewe yalipomwishia Marcelina, alianza kumchimba baba yake asubuhi akiwa kwenye cherehani. Baba, kule Ugogo mlipata wapi maji? Baba, mzigo mlikuwa mnaubadilisha bega baada ya muda gani? Mzee alieleza, na mchana majibu yake yalitoka kitabuni. Akawa anajipiga kofi gotini kwa furaha. "Huyu mwandishi alikuwepo!" alisema. "Au baba yake alikuwepo. Ni mwana wa kirangozi huyu!" Jumapili aliongozwa kanisani, akawaambia wazee wenzake kwamba kuna kijana wa pwani aliyeandika ukweli mtupu. Marcelina alisimama nyuma yake akiuma midomo. Alimchukia mwandishi kuliko siku ya kwanza, kwa kuwa sasa alikuwa akimfanyia kazi yake, na sifa alizipata yeye.

Mwezi mmoja ukapita hivyo. Siku moja alikwenda sokoni kununua uzi, na aliporudi akasikia mtu anasoma ndani. Alikuwa Mwalimu Raymundi wa shule ya kati, aliyefuata suruali yake, na mzee alikuwa amemwomba amrudie kurasa walizokwisha kusoma.

"'...wakaitupa mizigo chini kama watoto,'" Raymundi alikuwa akisoma, "'wakaukimbilia ule mtungi, maana akili ya mpagazi inakaa tumboni...'" Akamwona Marcelina mlangoni, akanyamaza.

"Marcelina," mzee akaita. Alikuwa ameisikia miguu yake.

"Naam, baba."

"Huyu mwalimu hajui kusoma?"

Raymundi alikifunga kitabu.

"Nauliza. Anayesoma vibaya ni yeye, au ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Mzee Mahona alinyanyuka kitandani bila kushikwa. "Mimi nimekuwa mtoto wa kutafuniwa nyama?"

"Sikutaka uumie."

"Nani kakutuma? Mjerumani alinilaza chini Kilimatinde akanichapa ishirini na tano, sikulia. Leo niumizwe na kijana aliyekaa kitini? Mtu ananitukana mwezi mzima, ndani ya nyumba ninamolala, nami nakaa namsifu! Nimemsifu mbele ya kanisa!"

"Nilikitupa kwenye wanga siku ile ile ya kwanza!" Marcelina naye akapandisha sauti. "Ulitaka nikae hapa nikwambie wamekuita mjinga? Kwa mdomo wangu?"

"Ndiyo! Kwa mdomo wako! Ungeniambia, nikamjibu. Umeninyima ugomvi wangu, Marcelina."

Raymundi aliondoka bila suruali. Kwa siku tatu mzee hakuzungumza na binti yake. Akitaka maji alimwita jirani kupitia ukutani, na jirani aliyaleta huku akiangalia pembeni. Marcelina alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka mkanda ukakatika.

Siku ya nne mzee akasema, "Kilete. Neno kwa neno. Ukiruka, nitajua."

Akasoma. Safari hii hakulainisha kitu, na mzee alisikiliza amekaza taya. Kila baada ya ukurasa aliinua mkono kumsimamisha, akaamuru aandikiwe jibu. Marcelina aliandika kwa penseli kwenye karatasi za khaki za kukatia vipimo.

"Andika. Pembe ni ratili sabini begani. Mtu mwenye ratili sabini hacheki bila sababu."

"Nimeandika."

"Andika, pembe hazitupwi. Mpagazi aliyetupa pembe hakuoa. Mwanamke gani wa Unyanyembe angemkubali? Andika, kule Ugogo tulijadiliana siku tatu hongo ya kuwalipa wenye nchi ili tupite, na aliyejadiliana ni kirangozi. Karani alikuwa hemani anaumwa tumbo."

Marcelina alicheka, mara ya kwanza tangu kugombana. Akaanza kuufurahia ugomvi ule. Naye akatia maneno yake: kwamba riwaya ya ushujaa inayompa jina punda na kuwanyima watu mia mbili haikuandikwa na shujaa. "Liache hilo libaki," mzee akasema. "Hilo zuri."

Wakafika sura ya tisa. Marcelina alipokuwa akisoma kwa kubadilisha aliiruka sura hii yote, maana ilikuwa mbaya kuliko zote. Msafara uko katikati ya pori la Mgunda Mkali. Mpagazi mmoja ana homa na hawezi kusimama. Wenzake wanamlaza chini ya mti wa miiba, wanamwachia kibuyu kikubwa cha maji, wanachukua mzigo wake na kwenda zao bila kugeuka nyuma. Seif peke yake ndiye anayedondosha chozi. Marcelina aliisoma haraka, kwa hasira, penseli ikiwa tayari mkononi, akingoja mzee alipuke.

Mzee hakulipuka.

"Soma tena," alisema.

Akasoma tena.

"Kibuyu kilikuwa kidogo. Yeye kaandika kikubwa. Kilikuwa kidogo."

"Kibuyu gani, baba?"

"Cha Ngollo."

Marcelina aliweka penseli chini. "Ngollo ulimzika Tura."

"Tura tulikuwa tumeshaipita siku mbili. Maji hayakuwepo. Tungemngoja tungekufa wote, au tungemzika na wengine kumi. Nilikuwa mimi kirangozi. Mimi ndiye niliyesema twende." Alizungumza polepole, uso umeelekea ukutani. "Niliporudi nilikwenda Puge. Mama yake akaniuliza kaburi liko wapi. Wewe ungemwambia nini?"

Marcelina hakujua aiweke wapi hasira yake. Alikuwa amekaripiwa mbele ya mgeni kwa uongo wa mwezi mmoja. Huu ulikuwa wa miaka sitini karibu, na alikuwa ameula utoto wake wote, ameusimulia kwa mwanawe Tobias, ameujivunia shuleni. Alitaka kumwambia. Alimtazama mzee alivyoshika ukingo wa kitanda, akashindwa, na kushindwa huko kukamkasirisha zaidi.

"Andika," mzee akasema. "Andika, hapo umesema kweli. Lakini hatukuondoka bila kugeuka. Niligeuka mimi. Na andika jina lake, Ngollo wa Puge. Na wengine nitakutajia ninaowakumbuka."

Aliwakumbuka arobaini na watatu. Ilichukua siku mbili. Jibu lilipomalizika lilikuwa kurasa kumi na moja, na Marcelina alilinakili kwa wino, akalituma kwa lile gazeti la Dar es Salaam lililokisifu kitabu.

Baada ya wiki sita Silasi alimwita Welfea. Hakutaka kumpa gazeti mkononi. Aliliweka mezani, akarudi nyuma hatua moja. Kichwa cha habari kilisema "Mpagazi wa Zamani Akiri: Tuliwaacha Wagonjwa Porini". Chini yake palikuwa na mistari mitano. Ilisema Mzee Mahona wa Tabora amethibitisha kwamba riwaya ya "Wapagazi Mia Mbili" imesema kweli, na kwamba yeye mwenyewe alimwacha rafiki yake, mtu wa Puge, katika Mgunda Mkali. Basi. Hakuna hongo, hakuna ratili sabini, hakuna hata jina moja katika yale arobaini na matatu.

"Kurasa kumi na moja!" Marcelina alisema. "Wamechukua kipande kimoja tu, kile kilichotuuma, wakakigeuza kuwa sifa za kitabu chao!"

"Mama Tobias, gazeti lina nafasi ndogo..."

"Nafasi ya tangazo la sabuni imepatikana!" Alipiga gazeti kwa kiganja mpaka miwani ya Silasi ikacheza. "Na wewe umelisoma, ukasema ni sawa?"

"Mimi sikusema kitu."

"Hilo nalo ndilo tatizo lako!"

Nyumbani alimsomea baba yake mistari ile mitano kama ilivyo. Mzee alicheka mara moja, kicheko kikavu. "Hawa ndio waliotupa mizigo," alisema. Akaomba maji ya kunywa, akalala mchana ule wote.

Huko Puge nako gazeti lilifika. Mtu alimsomea Masolwa, mkulima wa miaka hamsini na kitu, ambaye mama yake alikuwa dada wa Ngollo. Masolwa alipanda lori la pamba hadi Tabora, akauliza njia mpaka mlangoni. Alisema shikamoo kwa sababu mdomo ulizoea, na mzee alipoitikia marahaba, Masolwa akabaki amesimama. Marcelina alimsogezea kiti. Hakukitazama.

"Bibi yangu alikwenda Tura mara tatu," alisema. "Mara ya mwisho alibebwa. Alimwaga pombe kwenye ardhi uliyomwonyesha."

"Sikumwonyesha," mzee alisema. "Nilimwelekeza."

"Kuna tofauti?"

"Hakuna."

"Alikufa akijua mwanawe amelala hapo." Masolwa aliikunja mikono kwapani. "Mjomba alikuwa na akili zake mlipomwacha?"

"Alikuwa anasema."

"Alisema nini?"

"Alisema tumwachie kisu. Kwa sababu ya fisi."

"Mkamwachia?"

"Hapana. Visu vilikuwa viwili tu."

Marcelina alikuwa amesimama mlangoni, na kisu hakikuwa kimetajwa hata katika zile kurasa kumi na moja. Masolwa alimgeukia kama mtu anayetafuta shahidi. "Dada, wewe ulijua?"

"Nilijua Agosti hii. La kisu nimelijua sasa, pamoja na wewe."

"Na ukaandika gazetini."

"Tuliandika mengi. Wamechapa walichokitaka." Aliingia chumbani, akatoka na nakala yake ya barua, akamsomea yote, mpaka jina la Ngollo, ambalo mzee aliagiza litangulie mengine. Masolwa alisikiliza bila kulainika.

"Jina tunalo nyumbani," alisema. "Nataka mahali."

Mzee akaeleza. Siku mbili mashariki ya Tura, kwa mwendo wa mizigo. Bwawa lililokauka lenye mawe meupe upande wa kaskazini. Kutoka hapo, mbele kwa njia ileile, mwendo wa kuvuta kiko kimoja. Marcelina aliyaandika kwenye karatasi, akayarudia kwa sauti mpaka Masolwa akayashika kichwani. Masolwa aliikunja karatasi, akaitia ndani ya koti. Marcelina alimletea maji kwenye kopo. Aliliweka chini bila kunywa, akaondoka, wala hakuaga.

Baadaye mtu wa reli aliwaambia kwamba watu watatu kutoka Puge walishuka Tura na mbuzi. Walipata nini huko, hakuna aliyewaletea habari. Mzee Mahona aliuliza kila wiki kama kuna neno. Alifariki Januari ya 1958, katikati ya mvua, akiwa bado anauliza.

Marcelina aliliandikia lile gazeti barua nne zaidi. Hakuna hata moja iliyochapwa. Wateja wake waliona anashona vilevile, lakini akigusiwa vitabu hakuhutubu tena kwa mzaha kama zamani. Alijibu kwa maneno matatu yenye meno, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mwaka uliofuata sanduku lilileta riwaya mpya ya mwandishi yule yule. Silasi alifikiria kuificha, kisha akaogopa zaidi kugunduliwa. Marcelina aliichukua kwa mkono mmoja, akatoka nayo kama mtu anayekwenda kuchinja. Ilihusu makuli wa bandari na mke wa mmoja wao anayemficha mumewe mafungu ya samaki kwa sababu yeye ana mama yake wa kumlisha. Aliisoma kwa siku mbili, na mashati ya watu yakachelewa.

Siku ya tatu alirudi Welfea, akaiweka mezani. Silasi alisubiri.

"Kizuri," alisema Marcelina.

Silasi alidhani hakusikia vizuri. "Kizuri?"

"Kizuri, nimesema! Yule mwanamke ni mtu. Mume ni mtu. Hata msimamizi wao mwizi ni mtu." Sauti yake ilipanda mpaka waliokuwa wakicheza bao upande wa pili wa ukumbi wakageuka. "Kumbe alikuwa anaweza, Silasi. Mshenzi yule alikuwa anaweza siku zote!"

Akaondoka bila kuazima kingine.